Amri Iliyofuatwa

Kanali hakuiomba kazi ya magereza. Hilo liwekwe wazi mapema, kabla watu hawajaanza kumgawia sifa na lawama zisizo zake. Yeye alikuwa mtu wa jeshi, tena jeshi la malori. Aliingia luteni wa usafirishaji, akawa kapteni, akawa meja, na kila cheo alikipata kwa kumeza vumbi kwenye barabara mbovu. Sifa yake ilikuwa moja, nayo ilimtosha: msafara ukiwa chini yake, ulifika. Lori likifa njiani, lilivutwa. Dereva akiugua, alipanda mwingine. Mvua ikibomoa daraja, watu walivua buti wakaingia mtoni kupanga mawe, na yeye akiwa wa kwanza kulowa. Alikuwa akisema neno mara moja tu. Vijana wake walimwogopa kidogo na kumpenda zaidi, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyerudishwa kwao ndani ya sanduku.

Alipofika ukanali akatulia kusubiri ubrigadia, kama mkulima aliyepanda kwa wakati anavyosubiri kuvuna. Wakapandishwa wenzake. Akapandishwa hata yule aliyewahi kupoteza tangi la mafuta, tangi zima na magurudumu yake, ambalo mpaka leo halijulikani liliko. Yeye akapigiwa simu na mkubwa mmoja mwenye sauti laini. Serikali imechoshwa na uzembe magerezani, mkubwa akasema, inataka mtu wa nidhamu, na mtu huyo ni wewe.

"Hongera sana, Kanali. Magereza yote ya nchi yako mikononi mwako."

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu aliyezoea kutafuta kosa kwenye kila daftari linalopita mbele yake. Alipoelezwa habari hizo aliweka kalamu yake chini.

"Kwa hiyo wamekupandisha au wamekushusha?"

"Ni heshima, mwalimu."

"Sijakataa, mzee wangu. Nauliza tu ni heshima ya kwenda juu au ya kwenda chini."

Ukweli ni kwamba hata yeye hakujua.

Fundi wa sare alimshonea suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu, na muda wa kuirekebisha haukuwepo. Ndivyo alivyosimama mbele ya gwaride lake la kwanza uwanjani kwa Gereza Kuu, soksi zikichungulia, askari magereza wamejipanga upande huu, wafungwa wamechuchumaa upande ule. Aliamua kuanzia hapo kwa kuwa ofisi yake ilipakana na gereza hilo. Dirisha lake lilitazama paa za selo. Alikuwa ameshasoma taarifa za mtangulizi wake. Watu walikuwa wanafia humo ndani, na wanakufa kwa vitu ambavyo nje mtu hutibiwa akarudi kazini: kuhara, homa, kifua.

"Nimeongoza askari maisha yangu yote na sijapoteza mtu kwa uzembe," alisema kwa sauti yake ya barabarani. "Na hapa ni hivyo hivyo. Aliyeingia kwa miguu yake, atatoka kwa miguu yake. Sina lingine."

Askari wakapiga saluti. Wafungwa wakapiga makofi, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshambatiza jina: Kwa Miguu. Jina likaruka ukuta likafika sokoni, likafika hadi shuleni kwa mkewe. Kanali alijifanya limemkera, lakini moyoni alilipenda. Ndilo neno alilokuwa amejifunga nalo, na alitaka apimwe kwalo.

Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Pampu ya Gereza Kuu ilikuwa imekufa siku nyingi, na maji yaliingia kwa ndoo kutoka bomba la mtaani. Kanali akamwita naibu wake, mtu mnene, mpole, aliyelelewa na idara hiyo tangu ndevu zake za kwanza, akamwamuru pampu itengenezwe.

"Ndiyo afande," naibu akasema.

Wiki ikapita. Pampu kimya. Akamwita tena.

"Ndiyo afande," naibu akasema, kwa bidii zaidi.

Safari hii Kanali akashuka mwenyewe kufuata uzi ulipokatikia. Fundi wa pampu alikuwepo, mikono mfukoni, anasubiri kipuri kutoka stoo. Mtu wa stoo alikuwepo, amelalia meza, anasubiri kibali cha ununuzi. Mtu wa ununuzi alikuwepo, anakunywa chai, anasubiri ripoti ya fundi. Na fundi hawezi kuandika ripoti mpaka aifungue pampu, na haruhusiwi kuifungua mpaka aletewe kipuri. Hakuna aliyekataa kazi. Wote walikuwa watiifu, wote wanasubiri, na wangeweza kusubiri hivyo mpaka wastaafu. Kanali alicheka kwanza. Kisha akamkamata fundi kwa mkono, akampakia kwenye gari lake, wakaenda kununua kipuri kama watu wanaokwenda kununua mkate. Pampu ikanguruma. Muda si mrefu ikafa tena, na mzunguko ule ule ukaanza upya, maana yeye alikuwa ameutengeneza mtambo wala hakuwa amewatengeneza watu.

"Jeshini ulikuwa ukipiga kelele watu wanakimbia," mkewe alimwambia akimwekea chai. "Huku ukipiga kelele watu wanasema ndiyo, halafu wanakwenda zao."

"Ni kumpigia mbuzi gitaa," akasema Kanali.

"Mbuzi angalau huondoka. Hawa wanakupigia makofi."

Yakaja ya mablanketi. Jeshini ukaguzi hutangazwa. Kamanda husema siku fulani nakuja, watu wakasugua, wakapanga, wakanyoosha, na kile kilichosuguliwa hubaki kimesuguliwa. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyofanya. Alitoa ratiba ya kuzungukia magereza ya mikoani, ikabandikwa kila lango. Gereza la kwanza alikuta kuta zimepakwa chokaa mbichi kiasi cha kumchafua bega, na kila mfungwa amekaa na blanketi lake la kijani limekunjwa vizuri. Akafurahi. Gereza la pili, mablanketi ya kijani. Akafurahi zaidi, ila akaona moja limeungua pembeni, tundu limezibwa kwa uzi mwekundu. La tatu, ya kijani tena, na lile tundu lenye uzi mwekundu likamtazama kutoka mapajani mwa mtu mwingine kabisa.

Alitoka hadi nyuma ya jiko, akakuta lori la idara injini bado ya moto na turubai limefunguliwa. Mablanketi yalikuwa yanasafiri mbele yake nchi nzima, yanashushwa, yanakaguliwa, yanapakiwa, na yeye mtaalamu wa misafara alikuwa hajawahi kuona msafara uliopangwa vizuri hivyo.

"Nani ametoa amri hii?" akamuuliza naibu, mishipa ya shingo imemsimama.

Naibu alionekana ameumia kweli. "Afande, tulitaka ufurahi."

Mtu utamfanya nini anayekujibu hivyo? Kanali alijiuliza hilo kwenye gari njia nzima ya kurudi. Kumbe hawakuwa wabishi. Mbishi angemweza, wabishi aliwanyoosha wengi. Hawa walikuwa watu wa funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu alikuwa yeye.

Ndipo akajifunza ujanja, na ujanja huo ndio kiini cha habari hii, kwa hiyo msomaji aushike. Aligundua kwamba amri yake ikitoka ofisini hufika selo ikiwa nusu. Akiamuru maharage mazito kila siku, yanakuwa mazito siku moja na siku ya pili ni maji ya kunawa. Akiamuru mahabusu watolewe nje kuota jua asubuhi na jioni, wanatolewa asubuhi. Basi akaanza kuamuru kama mtu anayetaja bei sokoni akijua atapunguziwa. Akitaka wagonjwa waonwe na tabibu mara moja kwa wiki, aliandika kila siku. Akitaka wafagie, aliandika wasugue, wadeki, wakaushe. Nusu ikakatwa njiani kama kawaida, na iliyobaki ikawa ndiyo hasa aliyoitaka.

"Nimewapata," alimwambia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu avae suruali ile fupi alilala usingizi mzuri. Hata vifo vikapungua. Mwaka wa pili ukaelekea kwisha Gereza Kuu bila kutoa maiti, na wale waliombatiza Kwa Miguu wakaanza kulitaja jina hilo kwa heshima.

Katika gereza hilo alikuwemo mtu mmoja wa kumwambia hapana. Alikuwa seremala, amefungwa kwa kununua mbao za wizi, mwenyewe akiapa hakujua ni za wizi, na ndivyo wanavyoapa wote. Aliletwa ofisini na askari kutengeneza dirisha lililokuwa halifungi. Kanali akamwamuru atumie ubao uliokuwa umesimama kwenye kona.

"Hapana afande," akasema seremala.

Kanali alidhani masikio yamemdanganya. "Umesemaje?"

"Ubao huu umepinda. Nikiuweka, mvua ya kwanza utanitukana mimi. Nitafutie mwingine, au uniache nirudi selo nikalale."

Kanali akamtafutia mwingine. Tangu hapo kila kilicholegea ofisini aliitwa seremala, na vingine havikuwa vimelegea kabisa. Waliongea. Seremala alikuwa na pumu. Ukimsikia akipanda ngazi ungedhani anavuta kabati. Alipobanwa alihitaji dawa ile ya kupuliza mdomoni, na kupata kichupa chake kupitia idara kungechukua muda wa kumzika mtu na kuondoa matanga. Kanali hakuamuru. Alikwenda hospitali mwenyewe na gari lake, akarudi na vichupa viwili, akamkabidhi tabibu wa zahanati ya gereza mkono kwa mkono. Kwa kanuni dawa haziingii selo. Zilikaa kabatini zahanati, ng'ambo ya uwanja, na seremala akibanwa alitolewa akapuliziwa. Ikawa inafanya kazi. Siku za wageni mkewe seremala alikuja na kitambaa kichwani na maneno mengi, na akimwona Kanali akipita alimshukuru kwa sauti mpaka Kanali akakimbilia ofisini.

"Bado kidogo tu, afande," seremala alimwambia siku moja, kifungo chake kikiwa kinaelekea ukingoni. "Nikitoka nitakutengenezea kiti cha kukaa mtu mzima. Hicho unachokalia ni cha mtu anayejiandaa kukimbia."

Kamba hukatikia pabovu, na pabovu palikuwa mahabusu. Siku moja, milango ikiwa imeshafungwa, mahabusu mmoja akaanza kugaagaa anashika tumbo, anamwita marehemu mama yake. Askari akamhurumia, akafungua. Mgonjwa akapona hapo hapo, akampiga kikumbo, na yeye na mwenzake wakapita jikoni, wakapanda ukuta, wakapotea. Mkuu wa Gereza Kuu akasimamishwa kazi. Redio ikasema. Waziri akampigia Kanali simu akamfokea kama mtoto aliyevunja kioo, yeye, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Tulikuleta kwa ajili ya nidhamu!" waziri akapaza sauti. "Nidhamu iko wapi?"

Kanali akakata simu, akakaa kuandika. Alichokitaka kilikuwa kidogo na cha maana: askari wasifungue ovyo, wamtazame mtu kwanza, wafungue wakiwa wawili. Lakini alikuwa ameshajifunza. Akiandika hicho, kitafika nusu, na nusu ya hicho si kitu. Kwa hiyo akataja bei kubwa. Akaandika kwamba milango ikishafungwa, hakuna selo itakayofunguliwa kwa sababu yoyote ile, iwe ya nani na iwe ya nini, isipokuwa kwa ruhusa ya mkuu wa gereza; na kwa Gereza Kuu, ambalo sasa halina mkuu, ruhusa itoke kwake yeye mwenyewe kwa simu. Alimaliza akijua kabisa moyoni kwamba askari mwenye akili akiona mtu anakufa atafungua tu. Nusu itakatwa, na itabaki busara.

"Ndiyo afande," naibu akasema, akaibeba karatasi.

Wewe unayesoma umeshaona kosa. Yeye hakuliona, na wala simcheki. Amri zake zote za nyuma zilimtaka mtu ainuke afanye kitu: atengeneze, apike, afagie, atoe watu juani. Hii ilimtaka mtu akae. Idara nzima haikuwa imewahi kupewa amri tamu kama hiyo. Wakaifuata yote.

Simu ikaanza kulia. Afande, mfungwa amesahau ndoo nje, tumfungulie achukue? Afande, kuna panya selo ya pili. Afande, nyapara anasema mtu amekojoa ndani, tufanyeje? Askari waliokuwa wakiamua mambo hayo kwa kukohoa tu, sasa hawakuthubutu hata kugusa kitasa. Aliwafokea, "Tumieni akili!" Wakasema ndiyo afande, wakapiga tena. Simu ilimfuata bafuni, ikamfuata kwenye mikutano, ikamkuta akisalimiana na wafiwa msibani. Mtu aliyeongoza misafara ya malori mpaka mipakani akawa mtunza ndoo.

Jumapili moja watoto wake wote walikuja kula. Hilo halikuwa likitokea mara nyingi. Mkubwa alikaa mji mwingine, binti alikuwa na watoto wadogo, na yeye mwenyewe Jumapili nyingi alikuwa na faili mapajani. Mkewe alikuwa amepika tangu asubuhi. Ikumbukwe kwamba Jumapili gerezani askari ni wachache, kwa hiyo watu hufungiwa mapema, mara tu baada ya chakula cha mchana, jua likiwa bado utosini.

Simu ikalia akiwa anakata nyama. Lango la Gereza Kuu.

"Ndoo," akasema mwanawe mkubwa, na meza nzima ikacheka, maana walishazisikia hizo hadithi.

Kanali naye akacheka. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Simu ikanyamaza, ikalia tena, na mjukuu akaanza kuigiza mlio wake. Akaichukua, akaitia kwenye droo ya kabati la vyombo, katikati ya vitambaa vya meza, akaifunga.

"Leo wafikiri wenyewe," akasema. "Niongezeeni wali."

Kilikuwa chakula kizuri. Lazima isemwe hivyo, kwa sababu baadaye alitaka kukumbuka kwamba kilikuwa kibaya, akashindwa. Alisimulia ile ya tangi la mafuta. Binti yake akacheka mpaka akatokwa na machozi. Walipokwisha kunywa chai, mkewe alifungua droo kutafuta kitambaa akamkabidhi simu. Lango lilikuwa limepiga, limepiga, limepiga, kisha limeacha.

Akapiga yeye. "Kuna nini?"

"Afande, ni seremala. Alibanwa kifua."

"Alibanwa? Sasa hivi yukoje?"

"Sasa hivi ametulia, afande."

Aliendesha gari kama hajawahi kuendesha, na mtu wa msafara haendeshi ovyo. Lango likafunguliwa. Akavuka uwanja mbio, akaipita zahanati mlango wazi, tabibu amesimama kizingitini na kichupa mkononi, maana kwa kanuni dawa haziingii selo, akafika kwenye selo. Askari wa zamu alikuwa amesimama wima kando ya mlango, ufunguo kiganjani. Mlango ulikuwa umefungwa.

Kwenye kijidirisha cha nondo nyuso zilikuwa zimesongamana. Walikuwa wamempepea kwa mashati, wamegonga mlango kwa sahani mpaka sahani zikapinda. Sasa hakuna aliyekuwa akigonga.

"Fungua!" Kanali akapiga kelele.

"Ni ruhusa, afande?"

"Fungua!"

Seremala alikuwa amelazwa ukutani, mwenzake amempakata kichwa. Kanali akapiga magoti, akamshika shingo, akamshika kifuani. Tabibu akaja nyuma yake akafanya yaliyobaki kufanywa, yasiyosaidia. Kisha Kanali akainuka akamgeukia askari, na kila alichokimeza tangu siku ya suruali ile kikamtoka kwa pamoja.

"Huna macho wewe? Huna moyo? Mtu anakufa mbele yako, dawa iko hapo, ufunguo umeushika, unamtazama tu? Ni mnyama gani wewe?"

Askari alikuwa mtu mzima, na machozi yalikuwa yanamtiririka tangu kabla. Lakini hakulegeza mwili.

"Afande, ulisema sababu yoyote ile. Yule aliyefungua kwa huruma yuko rumande mpaka leo. Nina watoto. Nilikupigia, afande. Nilikupigia mpaka kidole kikauma."

Kanali akageuka, akapiga magoti tena kando ya seremala.

Yaliyofuata yalifuata haraka, kwa namna ambayo pampu haikuwahi kufuata. Jumatatu asubuhi naibu alileta taarifa imeshapigwa chapa, ikisema mfungwa amefariki kwa maradhi aliyoingia nayo. Ilikuwa kweli neno kwa neno. Kanali akaichana. Akaandika barua ya kuacha kazi, waziri akaikataa kwa simu.

"Mambo hayo hutokea, Kanali. Mtu mmoja, tena mgonjwa. Angalia upande mzuri: tangu amri yako hajatoroka hata mmoja. Sasa ndiyo tunaona nidhamu."

Akaandika amri mpya. Mgonjwa afunguliwe papo hapo, bila kumwuliza mtu, na atakayechelewa atajibu yeye. Safari hii hakuongeza wala kupunguza, aliandika alichokimaanisha. Akamsomea naibu kwa sauti, akamwuliza kama ameelewa.

"Ndiyo afande," naibu akasema. Ilikuwa sauti ile ile ya pampu, ile ile ya mablanketi. Kanali akamtazama usoni kwa muda mrefu na hakuona humo ubaya wowote wa kumwadhibu.

Mjane alikuja siku hiyo hiyo kuchukua mwili. Naibu alipendekeza aongee naye ofisa ustawi, Kanali akakataa, akamwingiza mwenyewe ofisini. Yale maneno yake mengi ya siku za wageni hakuja nayo. Alikaa ukingoni mwa kiti, kitambaa kimelegea kichwani, akisikiliza pole na huku akitazama nje, kule zilikoonekana paa za selo.

"Wenzake wamenieleza pale langoni," akasema. "Kwamba dawa ilikuwepo."

"Ilikuwepo, mama."

"Na askari alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Basi aliyezuia mlango usifunguliwe ni nani?"

Naibu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. "Mama, kuna taratibu za kiusalama ambazo..."

"Ni mimi," akasema Kanali. "Ilikuwa lazima niruhusu mimi. Walinipigia, sikupokea."

Mwanamke akageuza uso kutoka dirishani, akamtazama. Hakulia. "Ulikuwa wapi, baba?"

Naibu akasogea hatua moja. "Mkuu alikuwa na majukumu mengine ya..."

"Nilikuwa nyumbani, mama," Kanali akasema. "Nilikuwa nakula na wanangu."

Mjane akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari na kuiweka mahali pake. Alikuwa ameshainuka na kujifunga kitambaa vizuri alipouliza tena, bila ukali, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua.

"Ulishiba?"

Kanali akamwambia kwamba ndiyo, alishiba.